Kabla ya Kuchagua Tawi la Saikolojia

Maandishi ya mazungumzo kwa vijana wanaosubiri kujiunga na vyuo, wazazi wao na walimu wa ushauri nasaha

 

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, saiba za Kondele na Nyalenda hujaa vijana wanaochagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS. Aliyepata C+ na kuendelea anaweza kuomba shahada. Mwenye C- anaweza kuomba diploma. Miongoni mwao hakosi msichana au mvulana ambaye tangu shuleni wenzake walikuwa wakimjia na siri zao. Huyo huandika saikolojia. Akifika nyumbani mamake anamuuliza, "Kwa hivyo utakuwa daktari wa wendawazimu?" Babake anauliza kama kuna kazi. Kijana hana jibu la swali lolote kati ya hayo mawili, kwa sababu hata yeye anadhani saikolojia ni kazi moja.

Kusema mtu ni mwanasaikolojia ni kama kusema mtu ni mfanyakazi wa ziwani. Mvuvi wa mbuta, mama anayeanika omena, fundi wa mashua na karani wa kamati ya ufuo wote wanakula kutokana na ziwa, lakini hakuna anayeweza kushika kazi ya mwenzake kesho asubuhi. Mazungumzo haya yanahusu namna ya kuchagua tawi, na ushauri wake ni mmoja: kijana aanze na mtu ambaye angependa kuketi naye, miaka nenda miaka rudi, ndipo atafute jina la tawi linalomfikisha kwa mtu huyo.

Kwanza majina, maana hapo ndipo karo za watu hupotelea. Daktari wa magonjwa ya akili husomea udaktari kama daktari mwingine yeyote, kisha hurudi chuoni kwa uzamili wa tawi hilo. Ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia hasomei udaktari. Anasoma jinsi akili, hisia na mienendo ya binadamu inavyokwenda, anajifunza kupima na kutibu kwa mazungumzo na mazoezi, na haandiki dawa. Mshauri nasaha humsaidia mtu aliyelemewa na jambo, liwe msiba, ndoa au matokeo ya kipimo, mpaka apate kusimama tena. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inawahusu hao wawili wa mwisho. Iliunda bodi ya kuwasajili, na haimruhusu mtu kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa. Kijana anayetaka kuandika dawa na akajaza saikolojia amekosea mlango, na ni heri ajue leo kuliko mwaka wa tatu.

Swali la mama kuhusu wendawazimu nalo lina historia yake. Kwa miaka mingi mambo ya akili nchini yalikuwa na anwani moja, Mathari, Nairobi, hospitali iliyoanza mwaka 1910. Mtu akipelekwa huko, majirani walimhesabu kama aliyekwisha. Mambo matatu yaliyofuatana kwa karibu ndiyo yaliyoitoa kazi hii nje ya ukuta. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipua ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, watu zaidi ya 200 wakafa na maelfu wakajeruhiwa, na nchi ikaanza kuelewa kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kuhitaji mtaalamu wa kuongea naye kwa sababu tu hapati usingizi. Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni, na walimu wakajikuta wanatafuta njia nyingine ya kumfikia mtoto mkaidi. Na katika miaka hiyohiyo vituo vya ushauri na upimaji wa VVU, vile ambavyo kila mtu alivijua kwa jina la VCT, vikaanza kufunguliwa. Katika ufuo huu, hilo la tatu ndilo lililofika hadi vijijini.

Basi mtu wa kwanza wa kuketi naye apatikane Dunga.

Ni mama mchuuzi wa samaki, umri miaka thelathini na kitu. Anaamka saa tisa usiku kungoja mashua. Samaki wakiwa haba, kuna mvuvi atakayemuuzia kwa sharti la kulala naye. Ufuoni jambo hilo huitwa jaboya, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Mama huyo anaishi na VVU. Dawa anazo, kliniki anaijua, kadi yake ameitunza vizuri. Lakini wiki mbili sasa hajameza tembe. Muuguzi akimuuliza kwa nini, hasemi ana sonona. Neno hilo halipo kinywani mwake. Anasema "paro mang'eny", mawazo ni mengi.

Hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 4.9 ya watu wazima wa Kenya walikuwa wakiishi na VVU. Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6, Kisumu 17.5 na Siaya 15.3. Kila mmoja wa watu hao anatakiwa kumeza dawa maisha yake yote. Tembe imeshapatikana. Kinachobaki ni njaa, aibu, mume, na usiku ambao mtu hujiuliza kuna faida gani. Tawi linaloshughulika na kipande hicho kilichobaki huitwa saikolojia ya afya, na vijana wengi wanaojaza fomu hawajawahi kulisikia.

Mfano wake mwingine uko Kisumu hapahapa. Mwishoni mwa 2006 utafiti uliowahusisha vijana wa kiume 2,784 wa Kisumu ulisimamishwa mapema, kwa sababu ilikuwa imeonekana wazi kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU, kwa nusu hivi au zaidi. Madaktari walikuwa na jibu. Lakini Wajaluo hawakuwa na desturi ya kutahiri, na kisu hakishindani na desturi. Ilibidi wazee wazungumziwe, na viongozi, na vijana wenyewe, na wake zao, ndipo mpango wa tohara ya hiari ukaanza Nyanza mwaka 2008. Kijana anayevutiwa na swali la namna hii, yaani kwa nini mtu apokee au akatae habari inayoweza kumwokoa, ana kazi ya kutosha ufuoni. Itambidi apende takwimu pia. Wengi hukimbilia saikolojia wakidhani wameikimbia hesabu, wakaikuta inawangoja mwaka wa pili.

Mama wa Dunga ana jambo lingine ambalo muuguzi hakuliuliza. Mumewe wa kwanza alikuwa akimpiga, na hadi leo mlango ukigongwa kwa nguvu moyo wake hukimbia. Hapo dawa za VVU na ushauri wa dakika kumi havifiki. Ni kazi ya saikolojia ya kimatibabu, tawi linalopima na kutibu magonjwa yenyewe: sonona, kiwewe, hofu isiyoisha, uraibu, kusikia sauti zisizokuwepo. Mwenye tawi hili hukaa hospitalini, mara nyingi bega kwa bega na daktari wa magonjwa ya akili, katika hospitali kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Warusi.

Ni njia ndefu. Shahada ya kwanza haimfikishi mtu. Kunahitajika uzamili, na masaa mengi ya kuwaona wagonjwa chini ya jicho la msimamizi. Chuo Kikuu cha Nairobi na USIU-Africa hufundisha uzamili huo, na vyote viwili viko Nairobi. Mzazi anayepiga hesabu akumbuke kwamba kodi ya nyumba ya Nairobi haimo kwenye karatasi ya karo. Tena ni tawi linalobeba mizigo mizito. Hadi juzi mtu aliyejaribu kujitoa uhai alikuwa mhalifu chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Familia zilificha, na mgonjwa akarudi nyumbani bila kuonwa na mtu. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sasa mtu huyo anaweza kuletwa mchana kweupe, na anayestahili kumngoja chumbani ni mtaalamu. Kijana anayesikia haya akahisi anataka kuwa yule anayengoja, tawi lake ni hilo. Anayehisi kwamba angelala macho kila usiku akimfikiria mgonjwa, asione aibu kulikwepa. Kuna matawi mengine, na kujijua mapema ni sehemu ya kazi.

Mtu wa pili ni mtoto wa darasa la nne, upande wa Ahero. Mwaka 2020 mvua zilipozidi na ziwa likapanda, maji yaliwatoa watu wengi makwao Nyando na Nyakach. Mtoto huyu alikuwa mdogo wakati huo. Leo anakaa nyuma darasani, hasomi, haandiki, na mwalimu amemwita mvivu. Huenda ana huzuni. Huenda hasikii vizuri kwa sikio moja. Huenda herufi zinampinduka machoni, au hajala tangu jana. Mambo hayo manne yanafanana kabisa kwa anayetazama kutoka ubaoni, na kila moja lina tiba yake.

Kuyatenganisha ni kazi ya saikolojia ya elimu. Kenya ina vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu tangu mwaka 1984, na Chuo Kikuu cha Maseno kina idara ya saikolojia ya elimu, kwa hivyo anayetaka njia hii hana haja ya kuvuka Bonde la Ufa ili aianze. Wengi huiingia kupitia ualimu, kisha hurudi kusomea zaidi. Ni mlango mzuri kwa mwenye familia isiyo na karo ya miaka saba mfululizo, maana mwalimu hula mshahara huku akisoma. Ugumu wake hausemwi sana. Vipimo vingi vya akili vilitungwa Ulaya na Marekani, kwa Kiingereza, kwa watoto wa huko. Mtoto wa Nyakach akionyeshwa picha ya theluji akashindwa kuitaja, kipimo kimepima safari zake, hakijapima akili. Ufuo unahitaji watu wa kutunga vipimo vinavyojua omena ni nini. Hiyo ni kazi ya maisha mazima kwa mtu mmoja mwenye subira, na hadi sasa walioishika ni wachache mno.

Mtu wa tatu yuko Kodiaga, gerezani, au anangoja zamu yake kortini. Hakimu anataka kujua kama alielewa alilolifanya, au kama mtoto aliyenajisiwa anaweza kutoa ushahidi bila kuumizwa mara ya pili. Hiyo ni saikolojia ya mahakama. Filamu zimeipamba sana, na vijana huitaja kabla ya nyingine zote. Ukweli ni kwamba nafasi zenye jina hilo ni chache. Wanaoifanya kwa kawaida wameajiriwa kwa jina lingine, kama maafisa wa urekebishaji wa tabia au wataalamu wa hospitali wanaoitwa kortini. Mwenye kuipenda aingie kupitia saikolojia ya kimatibabu, asifuate filamu.

Saikolojia ya kazi, inayoshughulika na kuajiri, kuongoza na kupatanisha watu kazini, haina kishindo, lakini kampuni na mabenki huitafuta. Mwenye kupenda ofisi kuliko wodi asiidharau.

Sasa swali la baba: kuna kazi? Jibu la haki lina pande mbili. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yameziwekea serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili katika vituo vyao. Wajibu umeandikwa, ingawa sheria peke yake haiajiri mtu. Kinachoajiri ni bajeti, na mwananchi ana haki ya kuuliza kuhusu hilo kwenye vikao vya maoni ya umma, ambavyo vijana huviacha kwa wazee. Upande wa pili ni miradi. Kwa zaidi ya miaka ishirini washauri wengi wa ufuo huu wamelipwa na fedha za wafadhili wa VVU. Mapema mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada, wafanyakazi wengi wa miradi hiyo walirudishwa nyumbani, washauri wakiwemo. Walikuwa na ujuzi mzuri. Lakini baadhi yao walikuwa wamefunzwa kwa mradi mmoja, kwa vyeti vya wiki kadhaa, na nje ya mradi vyeti hivyo havikuwa na uzito. Kwa hivyo kabla ya kulipa hata shilingi ya kwanza, mzazi aiulize bodi kama chuo na kozi hiyo zinakubaliwa kwa usajili, na kwa ngazi gani. Aulize pia wanafunzi wanakwenda wapi kwa mafunzo ya vitendo na nani anawasimamia. Chuo kisichoweza kutaja hospitali wala msimamizi kinauza karatasi.

Liko jambo ambalo limebadilisha hesabu yote hii, na lilianza upande wa pili wa ziwa lilelile. Watafiti, Paul Bolton na Helen Verdeli miongoni mwao, walikwenda Masaka na Rakai, Uganda, mahali ambapo UKIMWI uliua mapema na kwa wingi. Kabla ya kutibu, walisikiliza watu wanaitaje hali yao, wakakuta majina mawili ya Kiganda, moja likimaanisha kujichukia na lingine kujihurumia. Ndipo wakatumia tiba ya mazungumzo iliyobuniwa Marekani miaka ya 1970 na Gerald Klerman na Myrna Weissman, inayotazama huzuni kupitia mahusiano ya mtu: nani amekufa, nani hasemezani naye, ni nini kimegeuka maishani. Vikundi viliongozwa na wenyeji wasio wataalamu, waliofunzwa wiki mbili tu. Baada ya wiki 16, kama matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalivyoonyesha, waliobaki na sonona katika vikundi hivyo walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji ambavyo havikupata tiba, asilimia 54.7.

Kisha tiba hiyo ikafika Kisumu. Watafiti wa KEMRI na wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwaalika wanawake 256 wanaoishi na VVU waliokuwa wamefanyiwa ukatili na waliokuwa na sonona pamoja na kiwewe. Ni mama wa Dunga, mara mia mbili na hamsini na sita. Mazungumzo ya mara moja kwa wiki, mara 12, yaliendeshwa na watu wasio wataalamu wa afya ya akili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: baada ya miezi mitatu, waliopata mazungumzo walikuwa wamepona sonona na kiwewe kwa wingi zaidi kuliko waliokuwa bado wanangoja zamu yao. Mwaka huohuo yakatoka pia matokeo ya mpango wa Shamiri, ulioanzishwa na Mkenya Tom Osborn na wenzake, ambapo vijana waliotoka sekondari muda si mrefu waliongoza vikundi vya wanafunzi 413 kwa vikao vinne tu, na dalili za huzuni na wasiwasi zikapungua.

Kijana atauliza, na ana haki: kama mtu wa wiki mbili anaweza, mtaalamu wa miaka minane ana kazi gani? Kazi yake ndiyo imeongezeka. Katika kila mpango kati ya hiyo, nyuma ya wale wasio wataalamu alikuwepo aliyewafunza, aliyeketi nao kila mara kusikia wameishia wapi, na aliyempokea mgonjwa waliyemshindwa. Mtu akisema anataka kufa, kiongozi wa kikundi anahitaji nambari ya simu ya mtu atakayeipokea. Akisikia sauti, hivyohivyo. Ufuo wenye watu wengi kiasi hiki hautapata mwanasaikolojia wa kila kijiji hata watoto wote wa Kisumu wakijaza kozi hiyo. Lakini mmoja aliyebobea, akiwa na watu ishirini anaowasimamia Seme au Muhoroni, huwafikia wengi kuliko angeweza akikaa peke yake ofisini na kibao mlangoni. Mwenye kipaji cha kufundisha, hata kama si msikilizaji hodari sana, ahesabu kipaji hicho anapochagua.

Kutoka siku ya matokeo mpaka siku ya kuripoti chuoni kuna miezi kadhaa. Vituo vya afya vina vikundi vya kusaidiana vya watu wanaoishi na VVU, shule zina vyumba vya ushauri, na vituo vya watoto wenye ulemavu vina kazi nyingi kuliko mikono. Kijana aende na barua ya chifu au ya mwalimu wake, aombe kupanga viti, kuchemsha chai, kuandika majina kwenye daftari. Asitoe ushauri, akae tu pembeni na kutunza siri za watu. Baada ya wiki mbili mama yake amuulize tena lile swali, naye aseme ni nani aliyemkuta huko, na kama kesho angependa kurudi.